Anaijua Tiraspol, Morogoro haijui: sisi watu wa kawaida tunazijuaje nchi za wenzetu?

Mtoto wa Msamvu (mleta uzi):

Wakuu, habari za wikiendi. Niko Kampala mwaka wa tisa, nauza spea za magari, na hili jambo nalizungusha kichwani tangu Alhamisi. Acha nilitue hapa.

Alhamisi usiku nilikuwa Kabalagala, nimesimama kwenye kijiwe cha boda nasubiri rolex yangu ikunjwe. Kwa mlioko Bongo, rolex ya huku haina mishale, ni chapati iliyoviringishiwa mayai, nyanya na kabichi. Pembeni yangu jamaa wa boda kakaa juu ya pikipiki yake, taa ya simu mdomoni, anakagua mkeka wake wa kubeti. Nikachungulia: Bodø/Glimt, Ludogorets, Astana, Sheriff Tiraspol.

Nikamchokoza. Hii Tiraspol iko wapi?

Akatoa simu mdomoni. "Moldova. Lakini wenyewe hawataki kuwa Moldova, wana bendera yao na hela yao, ila nchi za dunia haziwatambui." Akaendelea mwenyewe: Septemba 2021 waliwafunga Real Madrid 2-1 palepale Bernabéu, bao la pili kalipiga kijana wa Luxembourg dakika za mwisho, na siku hiyo yeye alikuwa kawapa Madrid, mkeka ukachanika ukiwa umebakiza mechi hiyo moja. Bodø je? Juu kabisa Norway, kiangazi jua halizami, uwanja wao ni nyasi bandia kwa sababu ya baridi, mgeni akienda anateleza. Ligi yao inachezwa wakati wenzao wa Uingereza wamelala, "ndiyo inatulisha mwezi wa sita."

Nikabaki mdomo wazi. Mimi nina diploma, ndugu zangu, na Moldova ningeiweka Afrika Magharibi.

Ikawa zamu yake. "Na wewe kwenu wapi?" Tanzania, nikamwambia, Morogoro. Akafikiri. "Ni karibu na Zanzibar? Mnafika kwa meli?" Halafu akaniuliza kama nafahamiana na Diamond.

Mutukula, mpakani kwetu, ukiondoka hapa na basi la alfajiri, unakunywa chai ya saa nne upande wa Tanzania kama barabara haijakutesa.

Kabla hamjamcheka, nijicheke mwenyewe kwanza. Wakati nakuja, nilichokuwa nakijua kuhusu Uganda ni vitu vitatu: Amin, ndizi, na wanawake wanaopiga magoti wakisalimia. Wiki ya kwanza nikamwita dada mmoja tuliyekuwa naye dukani "wewe Mganda." Dada wa Gulu. Aliweka chini kisanduku cha plagi taratibu, akanionyesha mwenye nyumba kwa kidole: "Muganda ni yule. Mimi Muacholi." Kiswahili chetu kimetufundisha kwamba kila raia wa Uganda ni Mganda, kumbe huku Muganda ni mtu wa Buganda, wa Kabaka, na Muacholi, Mteso au Munyankole ukimwita hivyo umemhamisha kabila bila ridhaa yake.

Wiki hiyohiyo nikaambiwa kutoka mjini nipande takisi. Takisi! Mfukoni nina nauli ya kubahatisha, nikaona hawa watu wananionea, nikatembea na begi kutoka Old Taxi Park mpaka Kibuli jua la saa nane. Kumbe takisi ya huku ndiyo daladala yetu, ile ya kukodi peke yako wanaiita "speshali". Na mtoto wa jirani aliponiambia shuleni kwao wanakula posho kila siku, nikamwambia basi shule yenu ni bunge. Hakucheka. Posho kwao ni ugali.

Sasa nilichokuwa najiuliza usiku ule na rolex yangu ya moto: inakuwaje mtu anaijua nchi ya mbali mpaka nyasi za uwanjani, halafu ya jirani anaijua kwa utani? Mimi naona mtu anazijua nchi za watu kupitia kile kinachomgusa mfukoni au moyoni. Jirani hatumchunguzi kwa sababu tunadhani tumeshamjua. Nyie mnaonaje? Na mlichonacho kichwani kuhusu nchi za watu mlikipata wapi?

Chai Haina Sukari:

Chai hii mkuu. Mkeka unaandika jina la timu na odi, hauandiki historia ya Moldova.

Mtoto wa Msamvu:

Mkuu, mtu anayeweka hela yake ya mafuta juu ya timu hamalizi na odi. Anauliza wanacheza wapi, kuna baridi kiasi gani, kipa kaumia? Wewe umewahi kuhatarisha shilingi elfu tano kwa ajili ya Astana? Basi huwezi kujua kiu ya elimu inavyokuja.

Muhogo wa Kuchoma:

Nje ya mada kidogo, rolex Kabalagala siku hizi bei gani?

Binti Bombo:

Mimi Mnubi wa Bombo, Kiswahili changu cha nyumbani mnivumilie. Nataka kumjibu mleta uzi hapo kwenye "moyoni au mfukoni".

Huku kwenda kufanya kazi nje tunaita kyeyo. Wasiojua Luganda, kyeyo ni ufagio. Zamani walisema hivyo kwa waliokwenda Uingereza na Marekani kufagia, siku hizi hata aliyekwenda kulinda au kuendesha gari ni mtu wa kyeyo. Mimi ufagio niliushika kwelikweli, Riyadh, miaka miwili na miezi mitatu, riyali 900 kwa mwezi.

Nilikwenda nikijiona mjanja kuliko wenzangu wa kwenye ndege, kwa sababu Kinubi chetu kimetokana na Kiarabu. Maji sisi tunasema moyo, wao moya. Hapo tulielewana. Baada ya maji, madamu alikuwa akinisikiliza anaita dada zake waje wacheke.

Niliporudi, kijijini kwa mume wangu wakanikalisha mkekani (mkeka wa kukalia, si ule wa mleta uzi), wazee kwa vijana, nielezee Saudia. Jamani, nieleze nini? Riyadh naijua ndani ya nyumba moja. Najua jiko lao lina droo ngapi. Najua Ramadhani hawalali, unakaanga sambusa alasiri, unapika kabsa, unaosha vyombo saa nane usiku, daku linaanza. Dirisha la chumba changu lilitazama ukuta. Barabarani nilifika pale penye pipa la taka, kila jioni, hatua arobaini, nilizihesabu. Mzee mmoja akaniuliza Makka kukoje. Sijafika. Akanyamaza, nikaona hajaniamini.

Ila kuna jambo moja huwa linaniuma mpaka leo. Mwaka wa kwanza, familia imesafiri, nilijipiga picha nimekaa kwenye kochi la sebuleni, lile la dhahabu dhahabu, nikamtumia dada yangu. Picha hiyohiyo moja. Ilizunguka Bombo nzima. Mabinti wawili wa mtaa wetu walikwenda kwa wakala yuleyule wakiwa na picha yangu kwenye simu. Mmoja karudi salama, mwingine karudi mgonjwa na hana mshahara wa miezi mitano. Wakala niliyempigia akasema mimi si nilionekana nina raha?

Kwa hiyo ukiuliza watu wa Bombo waliijulia wapi Saudia, waliijulia kwangu. Na mimi niliwaonyesha kochi.

Chai Haina Sukari:

Dah. Pole sana dada. Narudisha maneno yangu ya juu, si kwako lakini.

Utingo Mstaafu:

Nimefanya utingo, nikafanya udereva, jumla miaka ishirini na mbili, Mombasa mpaka Kigali, mpaka Juba, mpaka Beni. Dada Bombo amesema kweli tupu, maana hata mimi nimepita nchi tano na ninachozijua ni mita kumi kila upande wa lami.

Lakini mita kumi zina mambo. Mfano Kenya, Uganda na Tanzania tunaendesha kushoto. Toka Uganda uingie Rwanda, au Kongo, au Sudan Kusini, zote tatu unahamia kulia. Usukani wako unabaki palepale kulia, kwa hiyo ukitaka kulipita gari la mbele huoni kitu. Hapo ndipo utingo anapata heshima: yeye ndiye macho, anachungulia kwake anasema "nenda" au "rudi". Nilimwamini bosi wangu na yeye akaniamini mimi, na nikimdanganya tunakufa wote. Kwa hiyo nilijua nimeingia nchi nyingine pale dereva aliponiuliza njia.

Mleta uzi anasema mfukoni. Januari 2008 Kenya kulipochafuka baada ya uchaguzi, mimi nilikwama na mzigo, malori hayapiti, reli pale Kibera iling'olewa. Uganda mafuta yanatoka bandari ya Mombasa, kwa hiyo Kampala petroli ikawa adimu na bei ikaruka. Nilipofika hatimaye, nikakuta mama muuza nyanya anaijua siasa ya Kenya kuliko mimi Mkenya. Anajua Eldoret, anajua Naivasha, anajua nani kakutana na nani. Mafuta yalipoteremka bei, na somo likaisha.

Na kinyume chake, Gatuna, mpaka wa Rwanda na Uganda. Rwanda ilifunga pale Februari 2019, ikafungua mwisho wa Januari 2022. Malori tukazungushwa mpaka mwingine, Mirama Hills. Nilipita Katuna upande wa Uganda mara moja katika miaka hiyo, kushusha saruji kwa mtu. Maduka yamepigwa makufuli, majani yameota mlangoni. Mwenye duka ana shangazi yake mlima wa pili, upande wa Rwanda. Akanionyesha: ile nyumba ya bati jipya. Aliona lilipoezekwa. Hajui aliyelipia, hajui nani kaolewa, hajui nani kafa, alikuwa anahesabu nguo kwenye kamba ajue wako wangapi. Sasa huyo anaijua nchi ya jirani au haijui?

2020 sisemi. Pale Malaba, mpaka wa Kenya na Uganda, foleni ya kilomita na kilomita kusubiri kipimo cha Korona, na vijiji vya barabarani ambako tulikuwa tunaitwa majina yetu wakatukimbia kama tumebeba chui. Tuiache.

Mzee wa Lindo:

Naongeza fupi. Nililinda Baghdad, Waganda tulikuwa wengi sana kule kwenye kazi za ulinzi. (Nikisema Waganda namaanisha wa Uganda, mleta uzi usinirekebishe.) Watoto huniuliza Iraki ikoje. Ukuta wa saruji, mifuko ya mchanga, vumbi, mto naambiwa upo. Chakula kizuri kilikuwa cha Kimarekani, na mpishi alikuwa Mhindi.

Kasindi wa Milimani:

Mnanichekesha nyote mnaouliza watu wa Ulaya "theluji inakuwaje". Njooni Kasese. Ruwenzori ina barafu juu, kilele cha Margherita mita 5,109, na sisi Bakonzo tuna neno letu la theluji, nzururu, kabla hatujamwona mzungu. Ufalme wetu unaitwa Rwenzururu kwa sababu hiyo. Nimekutana na mtu wa Kampala, msomi, anabisha kwamba Uganda hakuna theluji, anasema hiyo ni Kilimanjaro. Nchi yako mwenyewe! Ila tuharakishe kuitazama, maana barafu inapungua kila mwaka.

Chai Haina Sukari:

Hapo sasa uzi umebadilika. Kumbe si nchi za wenzetu, hata zetu.

Mwana Uvira:

Mimi niko kambi ya wakimbizi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro, natoka Uvira, Kongo. Nawasoma toka jana, njo nimeamua kuandika.

Mukongomani huku akisema natoka Kongo, watu wanaulizaga kitu kimoja: "Unajua Lingala?" Wanafikiriaga Kongo ni Kinshasa, Kinshasa ni muziki, na pale hakuna muziki iko vita. Mimi Kinshasa sijafika maisha yangu yote. Kutoka Uvira ni zaidi ya kilomita 1,500, na barabara ya kukufikisha hakuna, unapanda ndege au unabaki. Kampala nimefika kwa basi. Kwa hiyo mimi najua Kampala kuliko mji mkuu wa nchi yangu, na Lingala najua ya kwenye nyimbo tu.

Lakini mleta mada, mfano wako wa Tiraspol na sisi tunao. Kambi hii ilifunguliwa 1958, iko Wakongomani, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia. Uliza mtoto wa hapa mji wa Isingiro uko wapi, atafikiri kwanza. Muulize Iowa, Marekani, kule ndugu zetu wanapelekwa. Atakuambia Des Moines, atakuambia viwanda vya nyama, unavaa buti na unakata upande mmoja wa ng'ombe masaa nane, baridi inaanza mwezi wa kumi na moja, shule basi ya njano inakuja kuchukua watoto mlangoni. Muulize Louisville, Kentucky, anajua kanisa gani wanaimba Kiswahili. Yote hiyo inatoka kwa sauti za WhatsApp. Mama anakaa kwenye jiwe, anasikiliza binti yake dakika kumi, halafu anatusimulia sisi wote. Wengine wana ramani ya ghorofa ya watu wao kichwani, jiko hapa, choo hapa.

Januari 2025 Marekani ikasimamisha kupokea wakimbizi. Jirani yangu alikuwa na tarehe ya safari. Alishauza godoro, alishagawa sufuria. Alilala kwenye mkeka wiki mbili kabla hajakubali kununua lingine. Mpaka leo ukimuuliza saa ngapi Des Moines, anakujibu bila kutazama simu.

Mtoto wa Msamvu:

Mwana Uvira, sina la kuongeza hapo. Asante kwa kuandika.

Nimekumbuka kitu. Mwaka juzi nilikwenda Masaka kufuatilia deni, mteja hayupo, mama yake akanikaribisha. Bibi wa miaka themanini hivi. Kusikia natoka Tanzania akapiga kigelegele kidogo, akaniita "mukomboozi". Sikuelewa. Ndipo akanisimulia 1979, jeshi letu lilivyoingia likitokea Mutukula, mji wa Masaka ulivyopigwa mizinga mpaka ukabaki magofu. Askari wa Tanzania walijiita wakombozi, na Luganda kikalichukua neno likawa bakomboozi. Bibi anajua Kiswahili maneno matatu: "ndugu", "toka" na "lala chini". Alinitamkia yote matatu, kwa sauti ya kijeshi, huku ananimiminia chai.

Tanzania yake imesimama hapo. Akaniuliza kama vijana wanaotoka Musoma bado ni wale warefu. Nikamwambia nadhani bado.

Chai Haina Sukari:

Ndiyo maana Kiswahili kwa wengi huku ni lugha ya bunduki. 2005 Katiba ikakifanya lugha rasmi ya pili, 2022 baraza la mawaziri likasema kifundishwe kwa lazima shuleni. Mwanangu yuko darasa la tano, mwalimu wa Kiswahili hajamwona bado.

Binti Bombo:

Bombo tunakisema bila kungoja mwalimu, kaka. Mlete likizo.

Utingo Mstaafu:

Mleta uzi, yule wa boda ulimwachia hivihivi? Hukumwelekeza Morogoro iko wapi? Hiyo ni aibu ya kitaifa.

Mtoto wa Msamvu:

Utingo, nilipita kijiweni jana jioni kwa ajili hiyohiyo. Nimemchorea kabisa kwenye vumbi na ufunguo wa pikipiki yake: hapa Mutukula, hapa Bukoba, hapa ziwa, shuka, shuka, hapa Dodoma, hapa Morogoro, hapa Dar, ndipo bahari na Zanzibar. Anaitikia "kale, kale", ambayo kwao ni sawa sawa, lakini macho yake yako kwingine. Nikaona nimempoteza. Nikajaribu milima ya Uluguru. Hakuna kitu. Nikajaribu reli ya umeme. Hakuna kitu. Nikamwambia, kule Turiani ndiko kuna kiwanda cha sukari, na timu yao ya mpira inaitwa Mtibwa.

Akaruka kwenye pikipiki. "Mtibwa Sugar? Wewe wa kule?" Akaanza kuniperuzia simu, mikeka ya nyuma huko, anaitafuta mechi moja waliyomchania kwa sare, anataka nieleze mimi kama mhusika. Nilijitetea kwamba mimi wa mjini, Msamvu, Turiani ni mbali na kwetu.

Hakunisikiliza. Kamgeukia mwenzake wa pikipiki ya pili, akamwambia kwa Luganda kwamba huyu anatoka mji wa sukari, ni kama Kakira yetu.

Sijambishia.